Kabla Hujasema Albamu Ni Moto ama Rapa Ameisha

Albamu ya hip-hop ikitoka Ijumaa, kufikia Jumamosi asubuhi pale kinyozi ninapofanya kazi, huku Umoja, Nairobi, kila msee ashatoa hukumu. Mmoja anasema hii ndio albamu ya mwaka, mwingine anasema rapa ameisha, na ukiuliza kaswali kadogo tu, ngoma ya nne umeionaje, unapata nusu yao hawajafika ngoma ya nne. Nimenyoa watu katikati ya hizi kelele miaka mingi na nazipenda sana, juu mahali watu wanabishana kuhusu mistari ni mahali watu bado wanaskiza. Lakini kuna ubishi wenye unakutoa hapo ukijua kitu hukujua, na kuna ule wa kushindana nani ana sauti kubwa. Wacha niwaambie vile sisi hufanya, labda itasaidia mbogi yako, kikundi chako cha marafiki, pia.

Sheria yetu ni moja tu: leta mstari. Ukisema albamu ni kali, weka ngoma, peleka mpaka pale, tuskie pamoja. Ukisema haina maana, hivyo hivyo, tuonyeshe wapi. Hatutaki kuskia ati rapa fulani ni mkubwa kwa hivyo kazi yake lazima iwe fiti, na hatutaki kuskia imestrimiwa mara milioni ngapi, hizo namba zinaeleza pesa na matangazo, hazikuambii vesi ya pili imeandikwa aje.

Nipeane mfano wa GNX, albamu ya rapa wa Marekani Kendrick Lamar, juu hiyo ndio ilitufunza kubishana vizuri. Ilitoka tarehe 22 Novemba 2024 bila tangazo lolote, ngoma 12, na vile ilikuwa mwaka wa ile vita yake ya mistari na rapa Drake watu waliingia wakitafuta vita tu. Kila mstari ulikuwa ni "hapa amemgonga nani". Sasa, Not Like Us, ile ngoma yake ya kumshambulia Drake, hata haiko kwa hiyo albamu! Lakini wasee walikuwa wanaihukumu kana kwamba ni muendelezo wake, mwenye alikuwa upande wa Drake aliisema vibaya kabla ya kubonyeza play na mwenye alikuwa upande wa Kendrick aliisifu vivyo hivyo. Ushauri wangu hapa ni mkavu kabisa, ugomvi wa marapa uweke kando siku ya kwanza, utarudi kwake baadaye kama albamu yenyewe imekurudisha huko.

Kitu cha pili, skiza kwa mpangilio. Najua simu inakuletea ngoma imechanganywa, najua una haraka, lakini mtu alikaa chini akaamua hii inaanza na hii inafuata. Kwa GNX kuna sauti ya mwanamke anaimba Kispanyola, anaitwa Deyra Barrera, ni mwimbaji wa mariachi, muziki wa kienyeji wa Meksiko, na hiyo sauti iko kwa ngoma ya kwanza, ikarudi kwa ya sita, ikarudi tena kwa ya kumi na mbili. Mwanzo, katikati, mwisho. Ukichanganya ngoma utaiskia kama urembo tu wa hapa na pale na hutawahi kujiuliza mbona yeye ndiye anatufungulia na anatufungia. Na Kendrick anajali hayo mambo, albamu yake DAMN. ya 2017 ilikuwa na ngoma 14 na Desemba ya mwaka huo huo akaitoa tena ngoma zile zile zikiwa zimepangwa kinyume, ya mwisho ikawa ya kwanza. Sasa mtu kama huyo wewe unamskiza kwa shafo kweli?

Halafu uliza kila mtu ameskiza na nini. Hii watu hudharau lakini imemaliza ubishi mwingi pale kwetu. Kuna jamaa hutengeneza simu hapo nje, alikuwa anasema tv off, ngoma ya saba ya GNX, ni nyembamba, biti haina mwili, na kijana mwingine ni kondakta akawa karibu kulia kwa kutetea hiyo biti, wamebishana mpaka mteja niliyekuwa namshughulikia akageuza kichwa nikasimamisha mashine. Kumbe fundi ameskizia spika ya simu, usiku, sauti ya chini ndio asiamshe watoto. Kondakta yeye ameiskia ndani ya matatu, sabufa iko chini ya kiti cha nyuma, kioo kinatetemeka. Tukaiweka kwa spika ya kinyozi tukangoja katikati ya ngoma pale biti inabadilika na jina la Mustard, prodyusa wa hiyo biti, linaitwa kwa ile sauti ndefu, na fundi akanyamaza akaskiza mpaka mwisho. Hakusema ameipenda, alisema sasa anaelewa wanaongea juu ya nini. Hiyo kwangu ni ushindi mkubwa kuliko kumlazimisha akubali.

Sasa maana. Hapa ndio utamu uko na hapa ndio watu huharibu kabisa, juu mtu anasoma maelezo mahali anakuja kuyatapika kama ni yake. Mimi husema hivi, kabla ya kutuambia wimbo "unamaanisha" nini, tuambie kwanza nini kinatendeka ndani yake. Nani anaongea? Anaongea na nani? Chukua reincarnated, hiyo ngoma ya sita, imejengwa juu ya biti ya Tupac. Vesi ya kwanza ni maisha ya mpiga gitaa, ya pili ni ya mwanamke mwimbaji ambaye dawa za kulevya zinammaliza, ya tatu ni ya Kendrick mwenyewe, na hapo anaanza kuongea na baba. Ukishaeleza hivyo tu, bila kuongeza neno, swali linajileta lenyewe: baba gani? Kuna waliosema ni mzazi wake, kuna waliosema ni Mungu, na kila upande ulikuwa na mistari yake.

Ndani ya hiyo vesi Isaya 14 inatajwa. Kulikuwa na mama ameleta mtoto wake anyolewe kabla ya kanisa, alikuwa amekaa kimya muda wote, akauliza, "Nyinyi mnasema Isaya ngapi?" Akafungua Biblia kwa simu yake akasoma mstari wa 11, pale pa sauti ya vinanda kushushwa kuzimu, kisha wa 12, "Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!" Kondakta akamwambia, "Mathe, soma tena hapo kwa vinanda." Akasoma. Nawaambia hiyo kinyozi ilibadilika. Mama hakuwa ameskiza rap ya mtu yeyote, lakini alijua hiyo sura inaongea juu ya kiburi na kuanguka, na hivyo vinanda vikatuonyesha mbona Kendrick alienda huko, juu hao watu wa hizo vesi wote ni wanamuziki wenye kipaji na kila mmoja kuna mahali amepoteza njia. Kwa hivyo ushauri, usimfungie mlango mtu ati hajui hip-hop. Anaweza kuwa ndiye amebeba kile kipande mnakosa.

Na hapo ndio tuliingia ubishi mkali zaidi, wenye haujaisha mpaka wa leo. Mwisho wa reincarnated mtu anaahidi kwamba atatumia maneno yake kuleta kuelewana. Ngoma inayofuata ni tv off. Yaani ametoka kuongea na huyo baba, ameweka ahadi, na hapo hapo anarudi kwa kelele, anataka gari nyeusi, anawashukia watu. Wengine walisema amevunja ahadi, albamu haina msimamo. Wengine wakasema huo ndio msimamo wenyewe, binadamu huomba asubuhi na mchana ashagombana na mtu stage. Mimi niko na hao wa pili, na sababu yangu ni gloria, ngoma ya mwisho, pale anaimba kama anaongea na mpenzi wake wa tangu utotoni kumbe ni kalamu yake. Mtu anayekiri uhusiano wake na kalamu una mapenzi na wivu na kukosana ndani yake, huyo hajifanyi ameshaokoka. Hiyo gari pia, Buick GNX yenye albamu imebeba jina lake, ni ya 1987, mwaka Kendrick alizaliwa, kwa hivyo mimi sioni ni majivuno ya gari tu, naona mtu anaangalia alikotoka. Lakini kama wewe unaona tofauti leta mstari, niko tayari kubadilisha mawazo.

Sasa kuna jambo linaniuma na lazima niliseme. Hizi juhudi zote tunazifanyia Compton, mji wa Kendrick huko karibu na Los Angeles. Tunajua ukuta gani ulichorwa sura ya Kendrick na ukaharibiwa, ndio ngoma ya kwanza ya GNX inaanzia hapo. Halafu albamu ya rapa wa hapa inatoka, tunaiskiza mara moja tukiwa kwa gari, tunasema "iko sawa", tumemaliza. Kundi la Wakadinali lilitoa albamu ya Victims of Madness 2020, nao wametoka hapa hapa Eastlands, mtaa wangu huu, na mistari yao imejaa vitu unaweza kwenda kuviona kwa miguu! Albamu ya Kilio Cha Haki ya 2004 ina kundi la Ukoo Flani Mau Mau na kizazi kizima cha marapa wa Dandora na mitaa ya karibu wakiongea juu ya polisi na njaa na takataka, na kuna vijana wananyolewa hapa wanaweza kukueleza kila kona ya Los Angeles na hawajawahi kuiskiza hiyo kazi hata mara moja. Kundi la Kalamashaka la Dandora walikuwa wanarap kwa Kiswahili miaka ya 1990 wakati redio nyingi hazikuona kama hiyo ni muziki wa maana. Rapa wa nyumbani anahitaji ule ubishi wetu mkali, ule wa nani anaongea na anaongea na nani. Kusifiwa juu juu ati "tusapoti za kwetu" hakumsaidii, mwambie vesi ya tatu ni dhaifu na umuonyeshe wapi, hiyo ndio heshima.

Mambo madogo ya mwisho. Matusi hapana, ukishamwita mwenzako mjinga ngoma imekufa hapo. Kama bando ni shida wekeni pesa pamoja mmoja adownlodi albamu yote, juu kuskiza ikikatika katika ni sawa na kutoskiza. Usitoe alama kwa kumi siku ya kwanza, ngoja wiki mbili, kuna ngoma niliruka mwanzoni kama heart pt. 6 na sasa ndio hunishika. Na ukibadilisha mawazo sema tu mbele ya wale wale uliobishana nao, hakuna mtu amewahi kukucheka kwa hiyo pale kwetu.

Wikendi hii tunarudia Kilio Cha Haki yote, kutoka ya kwanza. Nimewaambia vijana kila mmoja achague vesi moja aje aitetee, na kuna mzee wa Dandora, mteja wangu wa zamani, nimemuomba aje akae nasi juu hiyo miaka yeye alikuwa huko. Wewe na mbogi yako mtaanza na gani?