Kama Unapenda Roki Nzito na Muvi za Mazombi Hapa Dar, Hii Ni Yako

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Dada shikamoo. Nina miaka 19, napenda metali na muvi za zamani za kutisha. Nyumbani wananiombea. Nifanyeje?" Metali ndiyo hiyo roki nzito. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, nikaiweka simu mezani, nikaenda kunywa maji. Mimi nami niliwahi kuwa na miaka 19.

Nilimwomba anisubiri kwa sababu Jumamosi ile nilikuwa na onyesho la muvi Mabibo. Sasa onyesho limepita, tena limekwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba, kwa hiyo namjibu yeye pamoja na nyinyi wengine. Najua mpo. Najua kila mmoja wenu anatamani siku moja awe na usiku wake, ukuta wake, spika zake, na watu wamekaa wanatazama kile ambacho amekuwa akikitazama peke yake chini ya shuka.

Kwangu mimi mambo yalianza na kanda. Baba yangu mdogo alifanya kazi TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na kila aliporudi hakukosa kitu mkononi: viazi vya Mbeya, mchele wa Kyela, na safari moja kanda isiyo na jalada, imeandikwa kwa kalamu ya wino: WITCH. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ni bendi ya Zambia, kwamba miaka ya 70 vijana wa kule walichukua magitaa ya umeme, wakayakwaruza sauti, wakapiga roki yao wenyewe na watu wakaiita Zamrock. Albamu yao ya Lazy Bones!! ilitoka mwaka 1975, wakati Wazambia, Watanzania na Wachina wanakamilisha reli hiyo hiyo. Wakati ule sikujua lolote katika hayo. Nilijua tu kwamba gitaa lile lilikuwa linaunguruma kama jenereta lililoingia mchanga, na kwamba nikilisikia kifua kinatulia.

Kutoka hapo ilikuwa kafe ya intaneti Sinza, nusu saa nusu saa, nikifuata jina la bendi moja mpaka jingine. Black Sabbath wa Birmingham. Motörhead. Sepultura wa Belo Horizonte, Brazili, ambao nikiwasikia niliona hata watu wasio Wazungu wana haki na muziki huu.

Na fulana. Karume, kabla soko halijaungua Januari 2022, kulikuwa na muuzaji wa mitumba aliyekuwa akiniwekea. Belo likikatwa watu wanagombania jinzi na magauni, fulana nyeusi zinatupwa kwenye lundo la mwisho, la elfu moja moja. Yeye alikuwa anazikunjua mbele ya uso wangu anauliza, "Dada, fuvu hili unalijua?" Siku moja akanipa ya Sepultura, shingo imelegea, kwapa moja limeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Mtu fulani huko ilikotoka aliipenda kiasi kwamba ilipochanika hakuitupa, alichukua sindano. Niliishika pale sokoni watu wakinipita, nikaona nina ndugu nisiyemjua.

Wakati huo nilikuwa naimba kwaya, sauti ya pili. Kiongozi mmoja aliniona dukani nimevaa fulana ile. Jumapili akaniita mbele ya wenzangu, akasema nimefungua mlango na shetani ameingia, tena hakuingia kwangu peke yangu, ameingia kwenye nyumba yetu. Mama alilia njia nzima. Jioni akavuta sanduku chini ya kitanda changu, fulana saba, CD, na kanda ya baba mdogo, akavimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba na kumimina mafuta ya taa. Kanda haikuwaka mara moja. Utepe ulijikunja kwanza, ukawa kama nywele, ndipo plastiki ikaanza kudondoka matone. Nilisimama pale mpaka mwisho bila kusema neno. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba maneno nilikuwa nayo.

Ningeweza kusema hivi: wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, ni wa mtu anayeona kiumbe cheusi kinamnyooshea kidole, akaogopa, akamlilia Mungu amsaidie. Hiyo ni sala. Kwaya yetu ilikuwa na nyimbo zisizomtaja Mungu kwa hofu ya kweli namna ile. Nasali mpaka leo, na sijawahi kuona mgongano.

Miaka iliyofuata nitaipita. Nilipata kazi ya ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikanunua hedifoni, nikanyamaza.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Wa kwanza: usibishane. Simulia. Jirani na ofisi yetu, upande wa Gerezani, kuna fundi wa kuchomelea mageti ambaye mashine ilimkata kidole miaka mingi nyuma. Alikuwa akiniita "dada wa makelele". Siku moja nilimweleza habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Kijana wa Birmingham, miaka 17, anafanya kazi ya mabati kiwandani. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyepesi. Baadaye akazilegeza zaidi zisimuumize, gitaa likashuka sauti, likawa zito, na uzito ule ndio metali yote ilikotoka. Fundi aliweka mashine chini. Akautazama mkono wake. Akaniambia, "Hebu niwekee huyo." Tulisikiliza kwenye simu yangu, huku ng'ambo ya pili wenzake wanagonga chuma, na nakwambia kweli, ilikuwa vigumu kujua bendi inaishia wapi na Gerezani inaanzia wapi.

Kwa hiyo: simulia. Usimwambie mtu "hujui muziki". Mwambie habari.

Wa pili: anza na kile ambacho watu wako wanacho tayari. Vijana wa mtaani kwangu ni wa singeli, na studio ya Sisso iko Mburahati, si mbali na sisi. Muziki ule unakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuzidi. Watu wanaokesha na singeli hawawezi kukuambia metali ina kasi mno! Niliwawekea wimbo wa bendi ya Napalm Death unaoitwa You Suffer, uliomo kwenye albamu ya Scum ya 1987. Una urefu wa sekunde moja na kidogo. Wakadhani simu imeharibika. Wakataka tena. Wameurudia mara ishirini, na sasa wawili kati yao wananiuliza kila wiki nina nini kipya.

Muvi nazo ni vivyo hivyo, na hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka 2023 nilikodi kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea muvi, kwa usiku mmoja nionyeshe Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza naipenda. Pili haina mwenyewe: msambazaji alipobadilisha jina la filamu alisahau kuweka alama ya hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Niliweka kiingilio elfu mbili. Niliianza na nusu saa ya metali kwenye spika iliyopasuka, halafu muvi yenyewe, nyeusi na nyeupe, Kiingereza kitupu. Na usiku huo huo Yanga walikuwa wanacheza. Walikuja watu 11. Nusu ya muvi walibaki watatu. Mwenye kibanda alinirudishia nusu ya pesa yangu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma kuliko hasara. Nililala siku mbili.

Nilichokuwa nimekosa ni kitu nilichokulia. Sisi wote tuliokulia kwenye vibanda umiza tumelelewa na watafsiri. Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alikuwa anachukua muvi ya Kichina au ya Kimarekani, anaweka sauti yake juu yake, na ghafla wale watu wanakuwa majirani zako. Alieleza, alionya, aliongeza ya kwake. Mimi niliyekaa chini kwenye vumbi nikimsikiliza, nilipopata zamu yangu nikawawekea watu Kiingereza na kuwalaumu moyoni kwamba hawaelewi. Ulikuwa ni majivuno. Nasema hivyo kwa sababu nawaona wengi wenu mkifanya vile vile: mnataka kupendwa kwa kitu ambacho hamjakifungua.

Safari hii nilitafsiri. Miezi miwili, kila usiku baada ya kazi, daftari mkononi, nikiisimamisha na kuirudisha. Niligundua kwamba ndani ya muvi yenyewe neno "zombi" halitajwi hata mara moja. Basi nikasema, kama wao hawakulitumia, mimi kwa nini? Nikawaita misukule.

Jumamosi nilikaa pembeni ya ukuta na kipaza sauti. Kiingilio mia tano. Nilikwenda serikali ya mtaa mapema, nikatazama ratiba ya ligi, nikaweka umeme wa kutosha kwenye luku. Walikuja watu zaidi ya 60, wengine wamesimama mlangoni. Maiti wa kwanza alipojitokeza makaburini nikasema, "Huyo mnayemwona alizikwa. Ndugu zake walimlilia. Sasa amerudi, na hana salamu." Pakawa kimya. Mpaka maiti walipoanza kula, na mama yake mwenye kibanda, bibi aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, akanigeukia kwa sauti: "Mwanangu, unadanganya watu. Msukule hali watu. Msukule analima."

Ukumbi ulilipuka. Mmoja anasema bibi yuko sahihi, msukule anafanyishwa kazi shambani usiku. Mwingine anasema hao ni wa Marekani, hawana mashamba. Nikaisimamisha muvi. Nikawaambia damu wanayoiona ni shira ya chokoleti, na kwamba nyama ilitoka kwa muuza nyama mmoja aliyekuwa amechangia pesa za kutengeneza filamu. Wakacheka, wakatulia, wakataka iendelee. Hakuna aliyeondoka.

Mwisho wake mnaujua, na kama hamuujui samahani. Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, ndiye anayepambana usiku kucha na kubaki peke yake hai. Asubuhi wanakuja Wazungu wenye bunduki kusafisha maiti. Anachungulia dirishani. Wanampiga risasi. Pale nilikuwa nimeandika maneno mazuri kwenye daftari, lakini nilishindwa kuyasoma, nikanyamaza, na watu 60 wa Mabibo wakanyamaza pamoja nami. Kijana mmoja wa bodaboda akasema polepole, "Wamemwona ni msukule." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo nawaambia, na nitarudia hata mkichoka: tafsiri. Kama ni muvi, tafsiri. Kama ni metali, tafsiri. Dar hii hii mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku, vijana wakaambiwa unaharibu taifa, na leo soul ndiyo wazee wetu wanayoisikiliza Jumapili mchana wakisubiri wali. Usiogope wanaokuombea. Waache waombe, nawe uwafungulie mlango. Usiwe na siri ndani ya nyumba yenu mpaka siri ikupate wewe. Zungumza kabla hawajavuta sanduku.

Mama yangu hakuja Jumamosi. Nilimwalika mara mbili. Yule kiongozi wa kwaya nilikutana naye Mwenge mwaka jana, akaniuliza kama bado nasikiliza "vitu vile". Safari hii nilijibu. Nilisema ndiyo, nikamtajia majina matano ya bendi, nikaendelea kuchagua nyanya.

Mdogo wangu wa Mbagala, onyesho lijalo ni Carnival of Souls ya 1962. Nimefika nusu ya daftari. Njoo saa kumi jioni unisaidie kuvuta waya na kuning'iniza shuka, na ulete nyimbo tatu unazozipenda, tutaziweka kabla ya muvi, kwa sauti ya wastani. Mama yako mlete. Mwambie kuna bibi atakaa naye mbele, ana mkeka mkubwa, na swali lake la msukule bado sijalijibu.