Faili likigoma kupanda, uliza kwanza limekwamia wapi

Mgeni kwenye timu ya Java mara nyingi hupewa kipande cha kupokea mafaili, maana kwa macho kinaonekana chepesi. Mimi pia nilianza nacho: fomu ya waombaji kupandisha vyeti vyao. Mistari haikufika ishirini. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilipita. Kwenye seva, vyeti vidogo vilipita, vikubwa vikagoma, na ukurasa ukawa unaandika tu "imeshindikana".

Nikakimbilia Spring Boot, zana ya Java tuliyoijengea huduma hiyo. Usipoiambia lolote, inakubali faili lisilozidi MB 1 na ombi zima lisilozidi MB 10. Nikapandisha `max-file-size` na `max-request-size` hadi 20MB. Bado. Nikaweka 50. Bado. Siku mbili zikaishia hapo, hadi kaka mmoja anayeshughulika na seva akaniuliza, "Hilo ombi kwenye logi ya Java unaliona?" Sikuwa naliona. Hapakuwa na hata mstari mmoja. Mbele ya Tomcat, seva inayoendesha msimbo wa Java, tulikuwa na nginx, seva inayopokea maombi kwanza, nayo ikiachwa ilivyo, kikomo chake ni MB 1. Ilikuwa inajibu 413 (namba ya HTTP ya kusema ombi ni kubwa mno) na kulirudisha faili getini. Huko ndani Java haikujua kama kuna mtu amebisha hodi. Tukaandika `client_max_body_size 20m;` kwenye nginx, mambo yakaisha.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa msimbo, naingia kwenye seva na kutuma faili lile lile lililogoma moja kwa moja kwa Java:

`curl -F "cheti=@kidato4.pdf" http://localhost:8080/vyeti`

Halafu narudia kwa anwani wanayotumia watu. Likipita kwenye la kwanza na kukataliwa kwenye la pili, Java haina kosa. Na usijaribu kwa kipicha cha KB 40, maana watu wanapiga cheti picha kwa simu, na picha moja inaweza kuwa MB 4.

Ombi likiwa limefika, soma logi neno kwa neno. Ikisema "Required part 'file' is not present" (matoleo ya zamani ya Spring huandika "Required request part"), majina hayajalingana: wewe unasubiri `file`, fomu inatuma `cheti`. Ikilalamika kwamba hakuna boundary, mwenzako wa upande wa kivinjari ameandika Content-Type, kichwa cha ombi kinachotaja aina ya data, kwa mkono. Aifute tu, kivinjari kitaiweka chenyewe pamoja na alama ya kutenganisha vipande.

Lililonizeesha ni hili jingine. Huduma ilikuwa inakwenda vizuri wiki nzima nzima, kisha asubuhi moja hakuna faili linalopanda, hata la KB 10. Tunaizima, tunaiwasha, inapona. Tuliishi hivyo miezi, na tukaizoea kama watu wanavyozoea gari la kusukuma. Logi muda wote ilikuwa inasema "The temporary upload location is not valid" na kutaja folda iliyoko `/tmp`. Siku nilipopata akili ya kupiga `ls` kabla ya kuzima, folda haikuwepo. Seva ilikuwa CentOS 7, na mfumo huo hufagia `/tmp`: kisichoguswa kwa siku 10 kinatupwa. Tomcat huweka mafaili kwanza kwenye folda hiyo. Dirisha la maombi likifungwa, hakuna anayepandisha kitu, fagio linapita. Kuwasha upya kulikuwa kunaunda folda mpya, na papo hapo kunatunyang'anya ushahidi. Tuliielekeza `spring.servlet.multipart.location` kwenye folda yetu nje ya `/tmp`, tukaiunda mapema na kumpa umiliki mtumiaji anayeendesha huduma. Matoleo mapya ya Spring Boot huiunda tena yenyewe, ila mifumo mikongwe mtaikuta tu, msiwe na wasiwasi.

Kuna jamaa wa karibu wa tatizo hilo: ombi likiisha, faili la muda hufutwa. Ukimkabidhi MultipartFile (faili lililopandishwa, jinsi Spring inavyokupa) mfanyakazi wa `@Async`, anayefanya kazi pembeni bila ombi kumsubiri, kwenye majaribio anaweza kuliwahi, kwenye seva yenye watu akalikosa. Hifadhi kwanza mahali pake, kisha mpe njia ya kulifikia.

Na jina la faili msiliamini. Linatoka kwa mtumaji, na anaweza kuandika `../../` akaingia kwenye folda zisizomhusu. Lipe jina lako kwa UUID, kitambulisho cha nasibu kisichojirudia, lile la kwake likae kwenye hifadhidata. Sisi tulikuwa tunahifadhi kwa jina lile lile lililokuja, na wala si mdukuzi aliyetuumbua. Nusu ya waombaji walipeleka faili linaloitwa `scan.pdf`, la nyuma likalala juu ya la mbele. Simu ya dada aliyefungua ukurasa wake akakuta cheti cha mwanaume asiyemjua niliipokea mimi.