Kwa wanaoanza banjo: imba wimbo kwanza, vidole baadae

Kama ndo umepata banjo ya nyuzi tano na unataka kupiga zile nyimbo za zamani za milima ya Appalachia huko Marekani, naomba usiguse wimbo wowote kwenye banjo kabla hujaweza kuuimba. Uimbe mwenyewe, ukifua, ukipika, ukiwa njiani, bila simu kukusaidia. Nimekaa na wanafunzi wengi na wengi wanaokwama wanakwama hapo hapo, vidole vimekariri karatasi ya namba (zile za kuonyesha uzi gani ubonyezwe wapi) lakini kichwani wimbo haupo, akiteleza kidogo tu anarudi mwanzo, akiteleza tena anarudi tena, wakati mwenzake anayeujua kwa mdomo akikosea anadakia mbele na wala husikii.

Staili ninayowashauri muanze nayo ni klohama. Ile ya vidole vitatu ambayo Earl Scruggs, mpiga banjo wa Marekani, aliipa umaarufu miaka ya 1940 ni tamu sana, ila kwa mtu anayetaka kuimba huku anapiga peke yake klohama inambeba vizuri zaidi. Mkono wa kulia unaukunja kidogo, ukucha wa kidole cha shahada unapiga uzi mmoja kwenda CHINI, mkono unashuka tena unafagia nyuzi kadhaa kwa pamoja, halafu gumba linaachia uzi wa tano, ule mfupi. Bam, di-ti. Bam, di-ti. Melodi iko kwenye bam, basi. Mazoezi ya mwanzo piga hiyo tu, nyuzi wazi, mkono wa kushoto upumzike kabisa, mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea wenyewe. Ukiharakisha hapa utahangaika kwa muda mrefu sana.

Na hiyo namna ya kupiga ina kwao. Wajola wa Senegal na Gambia wana ala inaitwa akonting, ya kibuyu, nyuzi tatu, mmoja mfupi wa gumba, na wanapiga kwa ukucha kwenda chini vile vile. Banjo ilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Amerika. Mimi kila nikimfundisha mtu namwambia hili mapema, maana mtu mweusi akishika banjo watu wanamshangaa kana kwamba ameazima kitu cha wengine.

Kuhusu kutyuni, anza na G: uzi wa tano g ya juu, kisha wa nne mpaka wa kwanza D, G, B, D. Nyuzi zikiwa wazi tayari una kodi nzima (noti kadhaa zinazolia pamoja), na nyimbo nyingi za zamani hazidai zaidi ya kodi mbili tatu. Ukikaa na wapiga fidla wao wanapenda kupiga kwenye ufunguo wa A na wa D, kwahiyo kwa A unaweka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye fret ya pili, yaani kile kichuma cha pili cha shingoni, na uzi wa tano unaupandisha mpaka A (wengi wanapigilia kimsumari kidogo fret ya 7 wanaupitisha chini yake, ukiukaza tu unaweza kukatika). Ukibadilisha nyuzi toa mmoja mmoja, daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi ya banjo) halijagundishwa, ukizitoa zote linaanguka na utaanza kulitafutia mahali pake upya. Majirani wakilalamika chomeka kitambaa nyuma ya ngozi karibu na daraja.

Halafu tafuta mtu wa kukaa naye. Vijana wa Carolina Chocolate Drops, bendi ya Wamarekani weusi ya nyimbo hizi za zamani, walikuwa wanaenda nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla wa Mebane, North Carolina, wanapiga naye na kujifunza kwa masikio, wakati huo mzee yuko miaka ya themanini na kitu. Kama huna mzee karibu chukua rekodi moja, moja tu, uipunguze spidi na usikilize muimbaji anavuta wapi pumzi, maana hapo ndo utajua mstari unaishia wapi, kisha tafuta ile noti anayoanzia kwenye uzi wa tatu au wa kwanza, na uanzie hapo.