Mtihani wa Uwakala wa Bima: Hesabu Zinaniangusha

SWALI: Najiandaa kwa mtihani wa cheti cha uwakala wa bima hapa Kenya. Nadharia nimeimeza yote, lakini hesabu za fidia hunishinda. Nifanyeje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Wengi huanguka kwenye bima pungufu, yaani mali kukatiwa bima ya kiasi kidogo kuliko thamani yake. Tuseme duka lina thamani ya sh 4,000,000, limekatiwa bima ya sh 3,000,000, na moto umeteketeza mali ya sh 800,000. Usikimbilie kuandika 800,000! Ikiwa mkataba una sharti la wastani, yaani fidia hupunguzwa kwa uwiano wa bima na thamani ya mali, gawa kiasi cha bima kwa thamani halisi, kisha zidisha kwa hasara: 3/4 × 800,000 = 600,000. Sh 200,000 zilizobaki ni mzigo wa mwenye duka. Wanaokosea hugeuza sehemu juu chini. Fidia ikizidi hasara, jua umegeuza.

Na hiyo nadharia uliyoimeza, itafune kwanza. Maslahi ya kibima, yaani uhusiano unaofanya upate hasara kilichokatiwa bima kikipotea, katika bima ya maisha hupimwa siku ya kukata bima. Katika bima ya majini (ya meli na shehena), wakati wa hasara. Katika bima ya moto, nyakati zote mbili. Ndiyo maana mke aliyemkatia mumewe bima ya maisha, wakaachana, bado anaweza kulipwa mume akifariki, mradi michango imeendelea kulipwa.