Bi Karani Anajibu: Nikatae shtaka la kasi au nilipe yaishe?

*Shikamoo Bi Karani. Mimi huchukua viatu Nairobi nikaja kuviuza Kisauni. Mwezi uliopita nikirudi na Probox yangu, katika mji mdogo wa barabarani kabla sijafika Voi, askari wa trafiki alinisimamisha. Akasema nilikuwa nakwenda kilomita 67 kwa saa mahali pa 50. Wakati huohuo matatu ilikuwa inanipita kulia, mbio kweli. Mashine ya kupima kasi nilionyeshwa nambari tu, picha sikuiona. Kibao cha 50 nacho sikukiona, pale paliegeshwa lori. Nimeacha dhamana ya shilingi 10,000 kituoni na natakiwa kortini Jumanne ijayo. Shemeji yangu, tuliyekuwa naye garini, anasema nikatae katakata. Wenzangu wa stendi wanasema nilipe tu, serikali haishindwi. Wewe wasemaje? — Dereva wa viatu, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Shemeji yako na watu wa stendi wote wamekujibu kabla ya kuisoma karatasi uliyopewa. Mimi naanzia kwenye karatasi hiyo, kwenye ile 67.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotolewa Kenya mwaka 2016 zina jedwali la faini. Kwa upande wa kasi, ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Wewe unadaiwa kuzidisha 17. Mashine ingesoma 65 badala ya 67, ungekuwa kwenye shilingi 3,000. Yaani kilomita mbili tu ndizo zinazokugharimu shilingi 7,000. Aliyeshikwa na 90 mahali pa 50 akaanza kubishana na mashine anajichosha bure. Wewe una sababu ya kuuliza mashine ile ilipimwa lini, na nani, na cheti chake kiko wapi.

Jambo la pili ni hiyo matatu. Umeitaja kwa mstari mmoja kisha ukakimbilia kibao, na mimi naona ndiyo yenye uzito. Magari mawili yakiwa sambamba na askari ana nambari moja ya kasi, hakimu atataka kujua kasi ile ni ya gari gani. Kama kuna picha yenye nambari yako ya usajili, hapo huna la kusema. Kama hakuna, askari atalazimika kueleza alikuwa amesimama wapi, umbali gani, na alijuaje kwamba aliyepimwa ni wewe wala si yule aliyekuwa anakupita. Sheria yetu ya Trafiki haikubali mtu atiwe hatiani kwa kasi kwa sababu tu shahidi mmoja aliona kwa macho kwamba anakwenda mbio. Ndiyo maana kesi hizi huegemea mashine.

Sasa kibao. Ni kweli kwamba ndani ya mji au kituo cha biashara mwisho ni 50, na mamlaka inayosimamia barabara ina wajibu wa kuweka vibao vya kuonyesha eneo hilo linaanzia na kuishia wapi. Kibao kikiwa hakipo kabisa, piga picha ya barabara kuanzia mbali unapoingia mjini, na uende nazo. Lakini wewe hukusema hakipo, umesema kilifichwa na lori. Mwanangu, unapita njia hiyo kwenda kuchukua mzigo na kurudi. Utaulizwa swali moja tu: “Ulikuwa hujui kwamba hapo ni mjini?” Penye maduka, vibanda vya chai na watu wanaovuka na mbuzi, utajibu nini? Kibao nisingekifanya nguzo ya kesi. Kitaje ukiulizwa, basi.

Nikueleze asubuhi ya Jumanne itakavyokuwa, maana watu wengi huharibikiwa pale. Nimekaa mbele ya hakimu miaka mingi nikisoma mashtaka na kutafsiri, na kesi za trafiki ndizo za haraka kuliko zote. Majina yanaitwa mfululizo, mtu anasimama, anasomewa shtaka, anajibu “Ni kweli”, anayefuata. Wakijibu kumi mfululizo “Ni kweli”, wa kumi na moja naye husema hivyohivyo hata kama alitoka nyumbani na maneno mengine kifuani. Karani akikusomea, usiitikie kwa sababu ya foleni. Una haki ya kusomewa kwa lugha unayoielewa, na Kiswahili ni lugha ya korti hizo, hutamsumbua mtu.

Na kuna jibu la katikati ambalo nimelisikia mpaka nimelichoka: “Ni kweli Mheshimiwa, lakini…” Ni kweli lakini gari lingine lilikuwa linanipita. Ni kweli lakini mashine sikuiona. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wanaufuata mpaka leo: baada ya kukubali, unasomewa maelezo ya tukio, unapewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno, na ulichoongeza kikitia shaka kwenye kukubali kwako, hakimu anaandika kwamba umekana. Kwa hiyo ukisema “ni kweli lakini” unaweza kujikuta una kesi ya kusikizwa ambayo hukujiandaa nayo. Chagua kabla hujapanda basi.

Mimi ningefanya hivi. Kwa kuwa lazima ufike siku hiyo, jibu “Si kweli”, kisha palepale omba upewe ushahidi: maelezo ya askari, picha kama ipo, na cheti cha mashine. Si hisani hiyo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na kuupata. Kiongozi wa mashtaka akikuletea picha safi yenye nambari yako na 67 pembeni, mwambie hakimu unabadilisha jibu, omba msamaha, lipa. Kubadilisha kunaruhusiwa. Akikosa picha, basi shemeji yako ajiandae kuja kutoa ushahidi, na aseme alichokiona tu, asikuongezee chumvi. Nimeona mashemeji wakizamisha watu.

Gharama zipige mapema. Kesi itatajwa, itapangiwa siku ya kusikizwa, na siku hiyo askari anaweza kuwa yuko kazini kwingine, iahirishwe. Kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mombasa na siku moja bila kufungua biashara. Safari tatu za namna hiyo zinaweza kuila yote hiyo 10,000 unayopigania. Tena jedwali nililokutajia ni la anayekubali kosa. Ukikana kisha ukapatikana na hatia, adhabu iko mikononi mwa hakimu na inaweza kuzidi hapo. Kama picha haipo, mimi ningepigana, kwa sababu ya ile matatu. Ikiwepo, nisingerudi huko mara ya pili.

Risiti ya dhamana uitunze, ile yenyewe, si picha ya kwenye simu. Dhamana si faini. Ukishinda unarudishiwa, na ukishindwa unaweza kuomba ikatwe kulipia faini. Na ukiambiwa njiani kuna mtu atakayeimaliza kwa elfu mbili bila risiti, hiyo ni hongo, na anayetoa anashtakiwa sawa na anayepokea.

*Bi Karani, mwaka jana nilishikwa kwa kasi, nikaacha dhamana ya shilingi 5,000 na sikurudi kortini. Nilidhani wakichukua pesa yameisha. Jirani ananitisha eti naweza kukamatwa. Ni kweli? — Mama wa watatu, Ukunda*

Jirani yako yuko sahihi. Usipofika, hakimu anaweza kuamuru dhamana ichukuliwe na pia akatoa hati ya kukamatwa. Moja haifuti nyingine. Wengi hugundua Ijumaa jioni wakiwa na watoto garini. Nenda mwenyewe, asubuhi mapema, siku ya katikati ya wiki, kwenye masijala ya korti uliyotakiwa kufika. Beba kitambulisho, risiti ya dhamana na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) kama unayo. Faili likipatikana, omba upelekwe mbele ya hakimu siku hiyohiyo ueleze kwa nini hukufika na uombe hati iondolewe. Anayekuja kwa miguu yake husikizwa tofauti na anayeletwa na askari. Beba na pesa kidogo, huenda ukatakiwa kuweka dhamana upya, na usimtume mtu.