Kipimo cha mate kimeonyesha mstari mmoja. Je, nitulie?

SWALI: Shikamoo daktari. Kondomu ilipasuka, na wiki tatu baadaye nikanunua kipimo cha mate cha VVU duka la dawa, nikajipima nyumbani. Umetokea mstari mmoja kwenye C. Je, nitulie? Na kama ungetokea wa pili lakini hafifu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usitulie bado. Mstari wa C unasema tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Kipimo cha mate hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, na hizo huchukua wiki kadhaa, kwa baadhi ya watu hadi miezi mitatu, kufikia kiasi cha kuonekana. Wiki tatu ni mapema mno. Nenda kituo cha afya sasa ueleze yaliyotokea, kisha upime tena miezi mitatu ikitimia. Katikati hapo tumia kondomu kila mara.

Ukijipima tena, usile wala kunywa chochote dakika 15 kabla, na usipige mswaki nusu saa kabla. Pitisha bapa la kipimo kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja. Ufizi, si ulimi wala shavu. Wengi hukosea hapo. Litumbukize kwenye kichupa bila kumwaga majimaji yake. Kwa vipimo vingi vya mate jibu husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya 40, ila fuata karatasi ya ndani ya boksi lako. Jibu la kesho yake asubuhi si jibu.

Mstari wa T, yaani ule wa pili unaoashiria kwamba huenda una VVU, hata uwe hafifu kama penseli iliyofutwa, ni mstari. Bado haujathibitisha kitu: kituoni utapimwa damu kwa vipimo vingine kabla hujapewa jibu. C isipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama T ipo. Na anayemeza ARV, dawa za kufubaza VVU, asikitumie kabisa, kinaweza kumdanganya kwamba hana virusi.

Kinachotuuma katika barua yako ni zile siku tatu za mwanzo. Kondomu ikipasuka, usikimbilie kipimo. Wahi kituo cha afya siku hiyohiyo, kabla saa 72 hazijaisha. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, zinamezwa kila siku kwa siku 28. Kwako muda huo umepita, kwa hiyo andika tarehe kondomu ilipopasuka na uhesabu miezi mitatu kuanzia hapo, si kuanzia siku uliyojipima.