Kuotesha fuwele za TGS kwenye baridi ya Mbeya

Kabla ya kuhangaika na molekuli mpya za feroelektriki (zenye chaji chanya na hasi zilizojitenga zenyewe, na zinazogeuzwa upande kwa volteji), otesha kwanza TGS, yaani salfeti ya triglisini. Ni kampaundi ya zamani, inajulikana kuwa feroelektriki tangu 1956, na hubaki feroelektriki mpaka nyuzi 49 za Selsiasi.

Pima glisini gramu 22.5 na asidi ya salfuriki gramu 9.8 (kama mililita 5.4 za asilimia 98). Ni molekuli tatu kwa moja; ukiipunja glisini, huota chumvi nyingine kabisa. Mimina asidi polepole ndani ya mililita 100 za maji yaliyokenekwa, kamwe si maji ndani ya asidi. Asidi ya betri iache kwa mafundi magari, ina uchafu. Tia glisini, pasha mpaka nyuzi 50, chuja. Usifike 60, glisini huanza kuvunjika.

Shida kubwa huku ni usiku. Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na bika (gilasi ya maabara) yenye mmumunyo iliyolala dirishani utaikuta asubuhi imejaa chengachenga nyeupe chini, hata moja haifai. Izamishe kwenye ndoo ya lita 20 ya maji yenye hita ya tangi la samaki, nyuzi 35, kisha uiviringishie blanketi, maana umeme ukikatika wingi huo wa maji hupoa taratibu. Funika bika kwa karatasi yenye vitundu vya pini. Mbegu, yaani fuwele ndogo ya kuanzia, itundike ndani kwa uzi wa nailoni. Ikianza kukonda, itoe, mmumunyo haujashiba.

Fuwele ikikomaa, ipasue kwa wembe. Ina upande inaokubali kupasuka kirahisi, na kwa bahati njema mhimili wa chaji (mstari ambao chaji chanya na hasi zimejitenga) umesimama wima juu ya uso huo. Paka pande zote mbili rangi yenye madini ya fedha inayopitisha umeme, pima kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) kwa kilohezi 1 ukipasha nyuzi moja kwa dakika. Kilele kinapaswa kusimama karibu na 49.

Masika, usiamini peke yake kitanzi cha osiloskopu, yaani mchoro wa chaji dhidi ya volteji unaotumika kutambua feroelektriki. Unyevu juu ya fuwele huvujisha umeme na kuchora kitanzi kinene cha mviringo kinachodanganya. Kaushia sampuli kwenye jeli ya silika usiku kucha, urudie.

Baada ya hapo nenda DIPAB (bromaidi ya diisopropilamonia), iliyotangazwa 2013, inayobaki feroelektriki mpaka nyuzi 153. Ila fuwele zake zitokazo kwenye mmumunyo huwa bado si feroelektriki; zipashe kwanza mpaka karibu 150, ndipo upime.